Kisu cha Sayyid

Jamaa na ndugu mliotawanyika pande nne za dunia, nawasalimu kutoka Saint Paul, ambako naandika maneno haya huku theluji imefika nusu ya dirisha la sebule.

Katika kila nyumba ya watu wetu waliohama kipo kitu kimoja kilichovuka bahari pamoja na wenyewe. Kwa wengine ni sanduku la misumari ya shaba. Kwa wengine ni jambia, au mrashi, au Msahafu uliofungwa kwa kitambaa cha kijani, au hati ya nyumba wasiyoimiliki tena. Kwetu sisi kilikuwa kisu cha kukunja. Ni kidogo, ukikifunga hakipiti urefu wa kidole cha kati, kina mabapa mawili, na mpini wake ni wa pembe ya ndovu iliyokwisha kugeuka rangi ya samli. Tulikiita Kisu cha Sayyid.

Habari yake tuliipata kwa bibi, mama yake baba. Alitueleza kwamba Sayyid Barghash bin Said, aliporejea Unguja kutoka safari yake ya Uingereza ya mwaka 1875, alirudi na visu kadhaa vya Sheffield akawatunukia watu wake, na kimoja kilimfikia baba yake babu. Kutoka kwake kikashuka kwa babu, kutoka kwa babu kikabaki kwa bibi. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia yetu ilivuka kwa chombo hadi Mombasa. Mimi nilikuwa na miaka sita. Tulitua na mabunda mawili ya nguo, birika moja, na kisu hicho kikiwa kimeshonewa ndani ya upindo wa kanzu ya bibi. Basi tulikua tukijua kwamba, ingawa tumelala watu tisa katika chumba kimoja, sisi ni watu ambao babu yao aliwahi kupewa kitu kwa mkono wa mfalme.

Leo nataka kuwaeleza namna nilivyokuja kukijua kisu hicho, na yaliyonipata baada ya kukijua.

Mimi nimekuwa karani maisha yangu yote. Nilisoma chuoni, nikasoma madrasa mpaka nikaweza kusoma na kuandika Kiarabu bila ya kusita, kisha nikaingia skuli ya serikali. Nilianza kazi bandarini Kilindini, katika chumba cha makaratasi, na nilipohamia Minnesota mwaka 1996 nikaajiriwa ghalani Minneapolis kuandika yanayoingia na yanayotoka. Kazi ya karani ni kuamini muhuri na kuushuku kwa wakati mmoja. Hati inapokufikia hutazami muhuri peke yake. Watazama tarehe, saini, wino na aina ya karatasi, na wajiuliza kama vyote hivi vinasema neno moja. Tabia hiyo ndiyo iliyoniingiza katika kukusanya visu vya kale, wala sikupanga.

Ilikuwa kiangazi cha 1998. Katika miji hii pacha, mtu akifa na watoto wakawa mbali, mlango wa nyumba hufunguliwa na kila kilichomo huuzwa, toka kabati hadi vijiko. Niliingia katika nyumba moja ya Saint Paul kutafuta meza. Katika bakuli la vifungo nikakuta kisu cha kukunja, bapa lake kubwa limeliwa na kinoo mpaka limebaki jembamba kama jani la muwa. Mjane wa marehemu, bibi wa makamo ya themanini, akaniambia kwamba baba yake mumewe alikitumia kukatia kamba za magunia katika kinu cha unga, kando ya mto Mississippi, zama ambazo Minneapolis ilisaga unga mwingi kuliko mji wowote duniani. Nilisimama nimekishika. Babu yangu naye alikuwa karani wa maghala ya karafuu, na kazi yake ya kwanza asubuhi ilikuwa kukata kamba za magunia. Yule bibi akaniuzia kwa dola moja. Kwenye chuma kuliandikwa Janney, Semple, Hill & Co., Minneapolis.

Hapo ndipo nilipojifunza somo la kwanza. Jina hilo halikuwa la mfua visu. Lilikuwa la wauzaji wa jumla wa vifaa vya chuma, kama walivyokuwa Farwell, Ozmun, Kirk & Co. hapa Saint Paul. Wauzaji wa namna hiyo waliagiza visu kwa mafundi wa mashariki ya Marekani au wa ng'ambo, wakataka vipigwe majina yao. Kwa hiyo jina lililo juu ya kisu laweza kuwa kweli tupu na bado lisikwambie ni nani aliyekifua.

Mahali pa kusoma ni msuka, yaani shina la bapa, pale linapoingia katika mpini. Hapo mafundi hupiga chapa. Visu vya W. R. Case & Sons wa Bradford, Pennsylvania, vina chapa ambazo wakusanyaji wanazihifadhi kama mwanachuo anavyohifadhi juzuu ya amma. Maneno "Tested XX" ni ya baina ya 1920 na 1940. Baadaye ikawa "Case XX" peke yake hadi 1964, na mwaka 1965 ikaongezwa "USA". Mwaka 1970 wakatia nukta kumi chini ya jina, wakawa wanapunguza nukta moja kila mwaka, hata mtu aweza kuhesabu nukta akajua mwaka. Chapa nyingine ina manufaa kwa visu vya kigeni. Sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890, iitwayo ya McKinley, iliamuru bidhaa za nje zitajwe nchi zilikotoka, na amri hiyo ilianza kufuatwa Machi 1891. Ukikuta kisu kilicholetwa Marekani kikiwa na neno "Germany" au "England", kwa kawaida ni cha baada ya tarehe hiyo, hata muuzaji akikuapia kwamba kilipigana vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Somo la pili nililipa kwa fedha. Mwaka 2001, katika soko la vitu vya kale nje kidogo ya mji, muuzaji mmoja aliniuzia kisu chenye chapa ya "Tested XX" kwa dola mia na themanini. Nilikuwa nimeshayajua majina na miaka, na kujua kidogo ni hatari kuliko kutojua. Nilifika nyumbani, nikakiweka chini ya taa, nikaona kwamba chapa inasema kabla ya 1940, lakini mpini ni wa plastiki ya aina iliyoingia sokoni baada ya 1960. Mtu alichukua kisu cha baadaye, akasugua chapa yake, akapiga nyingine. Msuka ulikuwa mwembamba kuliko inavyopasa, kwa sababu chuma kilichosuguliwa hakirudi. Nilikuwa nimeamini muhuri bila ya kusoma hati.

Tangu siku hiyo nina utaratibu, nami nawapa bure. Kwanza, soma chapa kwa kioo cha kukuzia, uone kama herufi zimezama pamoja na umri wa chuma kilichozunguka, au zimekaa safi katikati ya weusi. Pili, linganisha uchakavu. Kisu kilichokaa miaka hamsini mfukoni mwa mkulima hulika bapa, na mpini wake hulainika pembeni pale kidole gumba kinapoegemea. Ukikuta bapa jembamba na mpini wenye ncha kali, hao ni wageni wawili waliooana juzi. Tatu, fungua na ufunge usikilize kamani. Kamani njema hulia kwa sauti moja, na mabapa yote hukaa sawa yakifungwa. Nne, tazama kutu. Kutu ya umri huja polepole na hukaa zaidi pale mkono usipofika. Kutu ya tindikali hutapakaa sawasawa kama rangi iliyopakwa. Tano, tazama mpini. Mfupa una vitundu vidogo vyeusi. Seluloidi ya zamani huoza kwa ndani ikatoa hewa inayoshikisha kutu kisu chenyewe na majirani zake sandukuni. Pembe ya ndovu ina mistari inayopishana kama matundu ya juya, unaiona ukitazama mwisho wa kipande. Plastiki inayoiga pembe huwa na mistari iliyonyooka kupita kiasi, au haina mistari kabisa.

Tena si kila kilicho kipya ni cha ulaghai. Kampuni ya Remington ilitengeneza visu vya mfukoni baina ya 1920 na 1940, na tangu 1982 vikatolewa vingine kwa kuiga vile vya kwanza, wazi wazi, kwa watu wanaopenda. Ulaghai huanza pale mtu anapokizeesha kile cha mwigo na kukisimulia habari isiyo yake.

Nanyi wenye majambia ukutani, msidhani maneno haya hayawahusu. Fedha ya majambia mengi ya Oman na Unguja ilipatikana kwa kuyeyusha reale za Maria Theresa. Sarafu hiyo yenyewe ni mwalimu. Malkia huyo alifariki mwaka 1780, na tangu hapo sarafu yake iliendelea kupigwa Vienna, na baadaye London, Roma na Bombay, ikiwa na mwaka ule ule wa 1780. Gramu ishirini na nane na kitu kidogo, na tarehe ambayo si ya uongo wala si ya kweli. Jambia la Kisaidi hujulikana kwa pete zake saba, na mengi ya kawaida yana nne. Lakini pete husema mtindo tu, hazisemi umri. Nimeliona hapa Minneapolis jambia ambalo wenyewe walisema ni la zama za Sayyid Said, na skurubu zilizoshika ala yake zilikuwa za mashine. Nilikunywa kahawa yangu, nikalisifu, nikaenda zangu. Sikuulizwa.

Mnaona basi: nilivichunguza visu vya watu wote. Katika kabati langu vipo mia na kumi na vinne, kila kimoja na kadi yake. Kimoja tu sikukiandikia kadi, na wala sikukiweka chini ya kioo. Kilikaa katika sanduku dogo la mvule, na kila nilipolifungua nilisema nafsini kwamba muhuri wake umefutika kwa kupapaswa, hakuna cha kusoma. Karani wa miaka arubaini akasema hivyo.

Kisa hiki hakikuwa cha kisu peke yake. Baba alinipa kisu usiku wa kuamkia safari yangu ya kuja Marekani, mwaka 1996. Dada yangu mkubwa, aliyekwisha kuolewa Maskati miaka mingi kabla, alipopata habari alinipigia simu akasema bibi alimwahidi yeye. Nilimjibu jibu la kijana mwenye kiburi, ingawa ujana ulikuwa umekwisha nipita. Nilimwambia kwamba Kisu cha Sayyid ni cha mwanamume aliyebeba jina la babu, na jina la babu ni langu. Hatukutukanana. Tulinyamaziana, na kunyamaziana kwa watu wetu mwakujua. Kwa karibu miaka thelathini tulipeana salamu za Idi na za misiba, maneno yale yale, kama sarafu ya 1780.

Majira ya baridi yaliyopita, mjukuu wake, kijana anayekusanya habari za ukoo, aliniletea ujumbe kwa simu: "Babu, nipigie picha chapa ya kisu, niiweke pamoja na habari ya Sayyid Barghash." Ningemkataliaje? Nilikitoa kisu, nikakisafisha msuka kwa mafuta na kijiti cha mwanzi, nikapiga picha. Kisha nikaikuza picha.

Ilikuwepo nyota na msalaba wa Malta, alama ya Joseph Rodgers & Sons wa Sheffield, nyumba kubwa ya visu. Mpaka hapo bibi alisema kweli. Chini yake yakasomeka maneno ya Kiingereza yenye maana ya "wafua visu wa mfalme." Nasema wa mfalme, si wa malkia. Kiingereza hutenganisha mwanamume na mwanamke katika neno hilo, na neno lilikuwa la mwanamume. Tangu 1837 hadi 1901 Uingereza ilitawaliwa na Malkia Victoria. Sayyid Barghash alitawala tangu 1870 mpaka alipofariki 1888, yote ndani ya enzi ya malkia huyo. Nilijiambia labda ni kisu cha kabla ya 1837. Nikafungua bapa dogo, na kwenye msuka wake, nusu imefichwa na kamani, nikasoma neno la chuma kisichoshika kutu. Chuma hicho kilizaliwa Sheffield kwa mkono wa Harry Brearley mwaka 1913. Sayyid alikuwa ameshalala kaburini miaka ishirini na mitano.

Nilikaa na kisu mezani mpaka alfajiri. Kabla ya sala nikachukua tochi nikatazama ndani, baina ya kuta mbili za shaba ya njano, mahali ambapo mabapa hulala. Palikuwa na mikwaruzo iliyochorwa kwa ncha ya sindano, kwa herufi za Kiarabu: jina la babu, na chini yake tarakimu ١٣٤٦. Mwaka 1346 wa Hijria uliingia Julai 1927. Nikauteremsha Msahafu wa babu, ambao kwenye karatasi ya mwisho ameandika kuzaliwa kwa watoto wake, nikalinganisha. Mwandiko ulikuwa mmoja. Hata mkia wa herufi ya mwisho ulikuwa umepindishwa vile vile. Basi kisu kilitengenezwa baada ya 1913, na kufikia 1346 kilikuwa mkononi mwa babu, kijana aliyekuwa karibu ameanza kazi ya ukarani. Hati zote zilisema neno moja. Palikuwa na kijana wa ghala la karafuu aliyenunua kisu kizuri kupita mshahara wake, akaandika jina lake mahali ambapo asingeonekana anajivuna.

Neno moja juu ya mpini, kwa sababu sitaki kulipita. Unguja ya karne ya kumi na tisa ilikuwa soko kuu la pembe za Afrika Mashariki. Zilikwenda Bombay, zilikwenda London, zilikwenda Marekani, ambako katika jimbo la Connecticut miji ya Deep River na Ivoryton iliishi kwa kuzikata zikawa vibao vya piano. Mafundi wa Sheffield, na Rodgers akiwa mbele, walizifanya vipini. Lakini pembe hazikutembea zenyewe kutoka Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo. Zilibebwa mabegani, wengine walikuwa wapagazi wa Kinyamwezi wenye ujira wao, wengine walikuwa watu waliotekwa na kuuzwa, na miongoni mwa waliofaidika walikuwa watu wa nasaba zetu. Tunapopita kidole juu ya pembe laini tukasema "urithi", na hayo pia tumeyarithi. Tusiwafiche watoto.

Nirudi kwa dada. Siku tatu nilitafuta njia ya kumpelekea yule kijana picha isiyoonyesha vizuri. Nawaambieni kweli, niliwaza hivyo. Siku ya nne nikampigia dada mwenyewe.

"Dada, nimekichunguza kile kisu."

"Kimevunjika?"

"Hakijavunjika. Si cha Sayyid."

Pakawa kimya mpaka nikadhani laini imekatika. Kisha akacheka, kicheko cha utotoni ambacho sikukisikia tangu 1996. "Mdogo wangu, na mavioo yako yote hayo ya kukuzia, ndiyo leo umejua?"

Akanieleza. Mwaka ule ule tuliofika Mombasa, baba akiwa hajapata kazi, bibi alimshika mkono, yeye akiwa binti wa miaka kumi na miwili, wakaenda kwa mwenye duka mmoja Mji wa Kale kuweka rahani. Mwenye duka akakigeuza kisu akasema atatoa shilingi kumi. Bibi akavuta buibui lake, akamtazama. "Shilingi kumi? Kisu alichokitoa Sayyid Barghash kwa mkono wake, aliporudi Ulaya?" Wakatoka na shilingi arubaini. Miezi minne baadaye, baba alipopata kazi, wakarudi kukikomboa, na kumbe mwenye duka alikuwa akiwaonyesha wateja wake, na habari imeenea mtaa mzima. Watu wakaja nyumbani kuomba kukiona. "Siku ile ya kwanza, njiani," dada akasema, "bibi aliniambia: neno hili limetulisha, usije ukalitukana. Nikaahidi."

"Na hukuniambia? Hata tulipokosana?"

"Nilikuwa nimeahidi, sasa ningekwambia nini? Tena mimi sikukitaka cha Sayyid. Nilikitaka kile alichokishika bibi siku ile, mkono mmoja kisu, mkono mmoja mimi. Weye ukaniambia ni cha wanaume."

Sikuwa na jibu. Nilimwomba radhi, akasema alikwisha nisamehe kitambo ila alikuwa akingoja nimwombe. Nikamwambia kisu ni chake, nitakituma.

Hapo ndipo karatasi ziliponirudia, maana karani hastaafu. Pembe ya ndovu haitiwi ndani ya bahasha ikatumwa Maskati. Biashara yake ya kimataifa imefungwa tangu 1990, na Marekani ilizidi kukaza sheria zake mwaka 2016. Kuitoa nchini kwataka vibali. Vitu vya kale vilivyotimiza miaka mia moja vina njia nyepesi kuliko vingine, lakini ni juu yako kuthibitisha umri. Nilikaa mbele ya fomu. Kama ningeandika 1875, na kuambatanisha habari aliyotuachia bibi, kisu kingekuwa cha kale bila ya ubishi. Huenda kisu chenyewe kilifuliwa kabla ya miaka mia kutimia, 1914 au 1920, lakini ninachoweza kukithibitisha ni mwaka alioukwaruza babu tu, na mwaka huo utatimiza mia kuanzia Julai 2027. Bibi alisema neno kwa ajili ya shilingi thelathini za ziada, na watoto tisini na kenda wa jirani wangefanya vile vile kwa njaa ile. Mimi sina njaa. Na jina nitakaloliandika chini ya fomu ni la babu.

Nikamweleza dada kwamba yatupasa kungoja. Ana miaka sabini na mitatu, na sukari imemchosha. Sikulisema neno hilo kwa wepesi. Akafikiri kidogo, akauliza: "Ameandika mwaka gani? Elfu moja mia tatu arubaini na sita? Basi kwa mwaka wetu kimekwisha timiza mia, tangu 1446. Waambie hao wakubwa wako wahesabu kwa mwezi." Nilimwambia nitawaambia. Kila Ijumaa sasa hunipigia kuuliza kama wameshaanza kuhesabu kwa mwezi.

Kadi nimeiandika hatimaye, ya mia na kumi na tano, kwa Kiswahili upande mmoja na kwa Kiarabu upande wa pili. Imeandikwa hivi: Joseph Rodgers & Sons, Sheffield, baada ya 1913. Mwenyewe wa kwanza anayejulikana: babu, karani wa karafuu, Unguja, 1346. Kikawekwa rahani Mombasa mwaka 1964 kwa shilingi arubaini, kwa ulimi wa bibi. Kikakombolewa baada ya miezi minne. Mali ya dada. Habari ya Sayyid Barghash sikuifuta. Nimeiweka katika mstari wake, pamoja na jina la aliyeitoa, mwaka, na sababu. Yule kijana nimemtumia picha iliyo wazi kabisa.

Nanyi jamaa, kabla hamjawasimulia wajukuu kitu kilichovuka nanyi bahari, kikuzeni chini ya kioo mkisome. Kisha mwendeeni mwanamke aliye mkubwa kuliko wote nyumbani mumuulize, na mfanye haraka.

Wassalaam.